Seyyid Said bin Sultan na jambia la pete saba

Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na mwambao wa Afrika Mashariki kwa takriban nusu karne hadi kifo chake mwaka 1856, anakumbukwa na wengi kwa mambo mawili: mikarafuu ya Unguja na Pemba, na uamuzi wake wa kuhamishia kiti cha utawala Zanzibar. Huko Oman, jina lake hutajwa pia katika ubishi wa aina nyingine kabisa. Ni ubishi wa majambia.

Kutoka Nizwa, mji mkongwe wa bara, hadi bandari ya Sur katika eneo la Sharqiyah, wapenzi wa jambia wana misimamo isiyoyumba. Jambia hilo Waomani huliita khanjar, na Waswahili wa zamani walilijua pia kwa jina la hanjari. Watu hubishana lipi ndilo halisi, nani anastahili kulivaa na mpini wa kitu gani haumtii mtu aibu mbele ya wenziwe. Juu ya ngazi hiyo ya heshima limekaa jambia liitwalo Saidi, lenye pete saba, ambalo jina lake linahusishwa na mtawala huyu na nyumba yake.

Hata hivyo, mwenye kuyafuata maisha ya Said kutoka Samail alikozaliwa hadi kaburini kwake Zanzibar atakuta mambo ambayo hayawafurahishi sana wale wanaotumia jambia kupima usafi wa nasaba.

Rasi isiyoepukika

Chombo kinachotoka Maskati kwenda Zanzibar hufuata pwani kuelekea kusini-mashariki, hupita Sur, kisha hufika mahali ambapo nchi kavu inakwisha. Karibu na Ras al Hadd pwani hupinda na kuelekea kusini, na mwendo mfupi mbele yake ipo Ras al Jinz, katika ncha ya mashariki ya Bara Arabu. Hakuna nahodha wa Maskati aliyeweza kwenda Afrika bila ya kuizunguka kona hii.

Siku hizi Ras al Jinz inajulikana kwa kasa wa kijani wanaopanda ufukweni usiku kutaga mayai, na tangu mwaka 1996 ni hifadhi inayolindwa na serikali. Lakini mchanga wake umeficha pia habari za kale. Wataalamu waliochimba hapo tangu miaka ya 1980 walikuta makazi ya wavuvi wa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Miongoni mwa vitu walivyovipata ni ndoana za shaba, vigae vya vyombo vilivyotoka bonde la Mto Indus, na vipande vya lami iliyopakwa kwenye mashua za matete. Vipande hivyo vimehesabiwa kuwa ni katika ushahidi wa kale kabisa wa vyombo vya bahari kuu.

Kwa hiyo katika kona hii ya Sharqiyah, mali ya mwenyeji na mali ya mgeni zilikwisha kuchanganyika muda mrefu kabla ya watu kuanza kuulizana nani ni wa asili na nani ni wa kuja. Said aliipita rasi hiyo mara nyingi, akienda kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na utawala wake wote ulijengwa juu ya mchanganyiko wa namna hiyo.

Kijana wa Samail

Said alizaliwa mwaka 1791 Samail, katika mabonde yanayotoka pwani kwenda Nizwa, eneo ambalo leo linaitwa Dakhiliyah. Babu yake, Imam Ahmad bin Said, ndiye aliyewaondoa Waajemi nchini katikati ya karne ya 18 na kuasisi utawala wa Albusaidi. Baba yake, Sultan bin Ahmad, aliitawala Maskati hadi mwaka 1804, alipouawa baharini katika Ghuba.

Said alikuwa na umri wa miaka 13. Yeye na nduguye Salim walirithi nchi iliyozungukwa na maadui, wakiwamo Mawahabi wa Najd waliokuwa wakiingia Oman kwa nguvu kutoka kaskazini. Shangazi yao, Bibi Moza binti Imam Ahmad, alishika hatamu kwa niaba yao, na habari za ushujaa wake zimesimuliwa vizazi kadhaa katika familia hiyo. Muda si mrefu mwana wa ami yao, Badr bin Saif, alirudi kwa madai ya kuwasaidia vijana hao. Alichofanya ni kujitwalia mamlaka yeye mwenyewe, akiegemea nguvu za Mawahabi.

Mwaka 1806 Badr aliitwa Barka, katika pwani ya Batinah. Simulizi iliyohifadhiwa Oman inaeleza kwamba katika kikao hicho mazungumzo yalielekezwa kwenye silaha, na mmoja wa waliohudhuria akaomba alitazame jambia la Badr. Mgeni akisifu jambia la mwenziwe, ni adabu kumpa alishike na kulikagua. Badr alilitoa, na adabu hiyo ikamponza. Said alimjeruhi, Badr akaruka dirishani na kukimbia kwa farasi, akafikiliwa na kuuawa.

Said, akiwa na umri wa miaka 15, akawa mtawala. Nafasi hiyo hakuipata kwa kuchaguliwa na maulamaa wala kwa wasia wa baba yake. Aliipata kwa kumwaga damu ya jamaa yake katika kikao ambacho, kwa mujibu wa simulizi hiyo, kilianza kwa watu kusifiana majambia.

Cheo ambacho Nizwa haikumpa

Kwa Waibadhi wa Oman, kiongozi wa juu ni imamu, naye huchaguliwa kwa elimu na uchaji wake. Nizwa ilikuwa makao ya maimamu kwa karne nyingi, na wazee wake waliiona Maskati kuwa mji wa biashara, wenye Wahindi, Wabaluchi na Waajemi wengi kuliko ilivyostahili. Said hakuchaguliwa kuwa imamu katika maisha yake yote. Alitosheka na cheo cha Seyyid.

Wageni wa Ulaya hawakuijua tofauti hiyo, au hawakuijali. Katika barua zao nyingi walimwita Imamu wa Maskati. Mwaka 1836 alipompa Mfalme William IV wa Uingereza manowari yake iitwayo Liverpool, Waingereza waliibadili jina wakaiita Imaum kwa heshima yake. Hivyo cheo ambacho maulamaa wa bara hawakumpa kilichorwa kwenye ubavu wa meli ya Kiingereza.

Zawadi aliyopewa naye kwa kulipa fadhila ilikuwa mashua ya kifahari iitwayo Prince Regent, yenye mapambo mengi ndani yake. Said, aliyezijua meli kama sonara anavyoijua fedha, hakuona kazi ya kuifanyia. Baadaye aliitoa zawadi kwa Gavana Mkuu wa India. Alikuwa mtu wa kupima chombo kwa safari kinayoiweza, na nakshi hazikumbabaisha.

Jeraha la Jaalan

Eneo la Jaalan liko kusini-magharibi ya Ras al Jinz, umbali usiofika kilomita 100. Hapo ndipo yalipo makazi ya kabila la Bani Bu Ali, waliokuwa wamefuata mafundisho ya Kiwahabi na ambao hawakuutambua utawala wa Said. Mwaka 1820 walituhumiwa uharamia, na mjumbe aliyepelekewa barua ya Waingereza katika bandari yao ya Al Ashkhara aliuawa.

Mwezi Novemba mwaka huo Kapteni Thompson, ofisa wa Kiingereza, aliteremsha kikosi cha askari wa Kihindi huko Sur, na Said akajiunga naye na watu wake. Walikuwa na bunduki na mizinga. Bani Bu Ali waliwatokea kwa panga na ngao, wakawaingilia kabla ya safu kujipanga sawasawa. Kikosi kilivunjika na wengi wa askari waliuawa. Said angeweza kukimbia. Alibaki akijaribu kumwokoa mpiga mzinga mmoja, na risasi ikampiga mkononi.

Thompson alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Mwanzoni mwa mwaka 1821 Waingereza walirudi na askari wapatao 3,000 chini ya Jenerali Lionel Smith, wakateremka tena Sur. Safari hii Bani Bu Ali walishindwa, ngome yao ikabomolewa, mitende yao ikakatwa, na wanaume wengi wakapelekwa Bombay wakiwa mateka.

Kwa ujasiri wake wa mwaka 1820 Said alipewa upanga wa heshima na Gavana Mkuu wa India. Watu wa Sharqiyah hawalikumbuki tukio hilo kwa namna moja. Wapo wanaouona upanga ule kuwa ni nishani ya mtu aliyesimama imara vitani. Kwa kizazi cha walioikuta mitende yao imelazwa chini, ulikuwa ni ujira. Hili ni jambo la kuzingatiwa na kila mpenzi wa silaha za kale: chuma kile kile kinaweza kuwa fahari katika nyumba moja na uchungu katika nyumba ya pili.

Kuelekea kusini

Baada ya hapo Said aliielekeza akili yake Afrika. Alifika Mombasa kwa mara ya kwanza mwaka 1828, akakabiliana na Mazrui, na aliweza kuushika mji huo kikamilifu mwaka 1837. Si kila mahali alikofanikiwa. Siyu, katika kisiwa cha Pate, iliyashinda majeshi yake katika miaka ya 1840.

Zanzibar ndiyo iliyomvutia zaidi. Alikaa Mtoni, akahimiza upandaji wa mikarafuu, akafungua milango kwa wafanyabiashara wa Kihindi, Kimarekani na Kizungu. Kufikia mwaka 1840 Unguja ilikuwa ndiyo makao yake ya kweli. Pembe za ndovu, karafuu, gundi ya sandarusi na, kwa masikitiko, watu waliofanywa watumwa, ndivyo vilivyoijaza hazina yake. Utajiri huo hauwezi kusimuliwa bila ya kuwataja waliolima mashamba hayo kwa kulazimishwa.

Na Marekani pia aliijua kupitia bahari ile ile ya Sharqiyah. Mwezi Septemba mwaka 1835 manowari ya Kimarekani iitwayo Peacock ilikwama karibu na kisiwa cha Masirah ikiwa inaelekea Maskati. Mjumbe Edmund Roberts alipanda mashua ndogo, akapita Ras al Hadd hadi kumfikia Said, ambaye alituma msaada mara moja. Miaka mitano baadaye meli ya Said iitwayo Sultanah ilitia nanga New York chini ya Ahmad bin Naaman. Miongoni mwa zawadi alizopelekewa rais wa Marekani ni upanga uliopambwa kwa dhahabu.

Visiwani humo Said aliwakuta watu waliokwisha kumtangulia. Ukoo wa Al Harthi, wenye asili ya Ibra katika Sharqiyah, ulikuwa na wakuu wake Unguja kabla yake, na wengi wao hawakukubali kwamba Mbusaidi aliwazidi daraja. Uhasama huo ulidumu. Mwaka 1859, miaka mitatu baada ya kifo cha Said, Maharthi walimuunga mkono mwanawe Barghash alipotaka kumpindua nduguye Majid.

Binti wa Kiajemi

Katika miaka ya mwisho ya 1840 Said alimwoa Shahrazad, binti wa familia ya kifalme ya Uajemi, mjukuu wa Fath Ali Shah. Binti huyo aliletwa Zanzibar pamoja na watu wake. Kwa ajili yake Said alijenga hamamu ya Kidichi, iliyokamilika mwaka 1850, ambayo bado imesimama na hutembelewa na wageni wa Unguja.

Salme, mmoja wa binti za Said, ambaye baadaye alijulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, aliandika habari za mama huyo wa kambo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886. Anamweleza kuwa mwanamke mzuri wa sura, mpenda anasa, mpanda farasi na mwindaji, ambaye mwenendo wake ulilishangaza kasri. Ndoa haikudumu, Said alimpa talaka naye akarudi kwao.

Lakini kwa mujibu wa mapokezi ya Oman, kabla ya kuondoka kwake Shahrazad aliacha alama isiyofutika. Inasemekana kwamba ndiye aliyebuni umbo jipya la jambia la mumewe: mpini uliofunikwa nakshi na nyuzi za fedha badala ya kuachwa wazi kuonyesha pembe, na ala yenye pete saba. Jambia hilo ndilo lililoitwa Saidi.

Haya ndiyo yanayopaswa kuwapa watu sababu ya kufikiri. Jambia ambalo lilihifadhiwa kwa ajili ya ukoo wa kifalme na waliopewa ruhusa maalumu, linalohesabiwa kuwa kilele cha Uomani, linatajwa na Waomani wenyewe kuwa ni kazi ya mwanamke mgeni, Mwajemi na Mshia, ambaye hakukaa katika nyumba hiyo kwa miaka mingi. Na babu yake Said alipata uimamu kwa kuwafukuza Waajemi.

Ubishi wa pete na mipini

Mgeni anayeingia soko la Nizwa huona majambia yamepangwa safu kwa safu na hudhani yote ni sawa. Muuzaji na mnunuzi hawaoni hivyo. Jambia la Nizwani kwa kawaida ni kubwa na zito, na wapenzi wake huamini kwamba jambia lisilojaza kiuno ni pambo la mtoto. Jambia la Suri ni dogo na jepesi, na watu wa pwani huliona kuwa lina adabu zaidi. Kwao lile la bara ni la mtu anayetaka aonekane kutoka mbali. Yapo pia ya Batini, na ya Janubi kutoka kusini. Kila upande una hakika kwamba upande wa pili umepungukiwa na kitu.

Kisha huja hesabu ya pete. Majambia mengi yana pete nne kwenye ala, na mshipi hushikizwa hapo. Pete saba ni alama ya Saidi. Aliyevaa pete saba bila ya nasaba inayofaa aliweza kuvaa fedha nyingi na bado akanong'onwa.

Baada ya pete huja mpini, na hapa ndipo ubishi unapokuwa mkali zaidi. Kwa vizazi vingi mpini wa heshima ulikuwa wa kipusa, yaani pembe ya kifaru, ambayo kadiri inavyoshikwa ndivyo inavyong'aa. Mpini wa msandali, wa mbao nyingine au wa vitu vya kiwandani ulitazamwa kwa jicho la pembeni, hata kama fedha yake ilifuliwa na mkono hodari.

Jambo la ajabu ni kwamba makali hayaonekani kabisa katika ubishi huu wa hadharani. Ala ya jambia la Oman hupinda karibu pembe mraba, ilhali bapa la chuma lililomo ndani halikupinda kiasi hicho wala halifiki mwisho wa ala. Sehemu kubwa ya ule mpindo wa kujivunia ni fedha tupu na ngozi. Na nyuma ya ala, mahali pasipoonekana, mara nyingi huchomekwa kisu kidogo. Hicho ndicho kinachokata nyama, kamba na tende. Hakuna anayegombana kwa ajili yake.

Pia kila sehemu ya kitu hicho imesafiri. Fedha nyingi ilipatikana kwa kuyeyusha reale za Maria Theresa, sarafu za Austria zilizotumika toka Maskati hadi Unguja. Kipusa kilitoka bara la Afrika na kupita katika bandari ya Zanzibar, ile ile aliyoistawisha Said. Mtindo wa juu kabisa, kama wanavyosimulia wenyewe, ulitoka Uajemi. Ukimvua jambia kila kilicholetwa na wageni, mkononi hubaki kidogo sana.

Gharama ya kipusa

Mapenzi ya mpini wa kipusa hayakuishia katika maneno ya barazani. Katika miaka ya 1970, fedha za mafuta zilipoingia katika Bara Arabu, watu wengi ambao baba zao hawakuweza kuota mpini wa namna hiyo walianza kuutaka, hasa nchini Yemen. Esmond Bradley Martin, mtafiti Mmarekani aliyeishi Nairobi hadi alipouawa mwaka 2018, alifuatilia biashara hiyo kwa miaka mingi katika masoko ya Yemen na Oman.

Vifaru weusi wa Afrika, waliokadiriwa kuwa 65,000 mwaka 1970, walikuwa wamebaki wapatao 2,400 katikati ya miaka ya 1990. Mahitaji ya dawa za kienyeji katika nchi za Asia ya Mashariki yalichangia pia, lakini wanyama wengi wa Kenya, Tanzania na Zambia waliuawa ili mtu fulani asione haya kukaa karamuni. Biashara ya kimataifa ya pembe za kifaru ilipigwa marufuku na mkataba wa CITES mwaka 1977, na Oman iliingia katika mkataba huo mwaka 2008. Mafundi wa Nizwa na Sur leo hutumia zaidi mbao na vitu vingine, na jambia halijapoteza heshima yake.

Nasaba ya mwenye jina

Ikiwa jambia ni hati ya nasaba, basi familia ya Said ni mahali pagumu pa kuanzia hesabu. Wake zake wa ndoa hawakumwachia mrithi. Wana wake waliotawala baada yake, Thuwaini na Turki huko Maskati, Majid, Barghash na wengine Zanzibar, wote walizaliwa na masuria. Mama yake Barghash alikuwa Mhabeshi. Mama yake Salme alikuwa Mcherkesi. Katika nyumba ya Mtoni zilisikika Kiarabu, Kiajemi, Kituruki, Kihabeshi, Kinubi na Kiswahili. Mbele ya sheria watoto hao walikuwa sawa na wengine, na hakuna aliyewavua majambia viunoni.

Mwenyewe, kwa mujibu wa wageni waliomwona na binti yake aliyemwandika, hakuwa mtu wa kujikweza. Alivaa kwa kiasi, alipokea watu wa kila daraja, na Salme anaeleza kwamba baba yake aliweza kwenda mwenyewe kupongeza harusi ya mtumwa wake. Maelezo hayo ni ya binti anayempenda baba yake, na hayaondoi ukweli kwamba waliopongezwa walikuwa mali ya mwenye kupongeza. Lakini yanaonyesha kwamba daraja kwake lilikuwa jambo la kutumia, halikuwa jambo la kulilia.

Safari ya mwisho

Mwezi Septemba mwaka 1856 Said aliondoka Maskati kwa mara ya mwisho, ndani ya manowari yake Queen Victoria. Kama safari zote nyingine, iliwabidi kuizunguka kona ya Ras al Hadd na Ras al Jinz kabla ya kushika njia ya kusini. Alikuwa mgonjwa, na jeraha la zamani lilikuwa likimsumbua. Tarehe 19 Oktoba alifariki baharini, karibu na visiwa vya Shelisheli, akiwa na umri wa miaka 65. Inasimuliwa kwamba alikuwa amechukua mbao za jeneza chomboni, kana kwamba alijua. Barghash aliuleta mwili Unguja usiku, ukazikwa.

Dola yake haikuishi. Mwaka 1861, kwa uamuzi wa Lord Canning, Gavana Mkuu wa India, Zanzibar na Oman zilitenganishwa rasmi, na Zanzibar ikatakiwa kuilipa Maskati reale 40,000 kila mwaka. Usultani wa Zanzibar ulimalizika kwa mapinduzi ya Januari 1964. Wengi wenye asili ya Oman waliuawa, wengine wakakimbia.

Baada ya mwaka 1970 Sultan Qaboos, mzao wa Said kupitia Turki, aliwaita nyumbani Waomani waliokuwa ng'ambo. Maelfu walirudi kutoka Unguja, Pemba, Mombasa, Bujumbura na kwingineko. Walikuwa na elimu na ujuzi ambao nchi iliuhitaji sana, lakini baadhi yao walizungumza Kiswahili vizuri kuliko Kiarabu. Waliitwa Wazanzibari, na jina hilo halikuwa la sifa kila mara. Wapo waliojifunza kufunga jambia kiunoni wakiwa watu wazima, mbele ya macho yaliyokuwa yakikagua kama mshipi umekaa sawa.

Jambia lenyewe lipo katika bendera ya Oman juu ya panga mbili zilizopishana, na mwaka 2022 UNESCO iliuingiza ufundi wake na mila zake katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika. Wabishi wa Nizwa na Sur hawajakubaliana bado lipi lililo bora, na huenda hilo halina madhara. Lakini anayelitumia kumtenga mwenziwe kwa kabila au kwa lugha ana shida moja ya historia. Jambia analolihesabu kuwa safi kuliko yote lina jina la mtu aliyefia njiani akirudi Zanzibar, aliyeacha watoto wa Kihabeshi na wa Kicherkesi, na ambaye mtindo wa jambia lake, kwa kauli ya Waomani wenyewe, ulibuniwa na mke aliyetoka Uajemi.